Wizi Ulioripotiwa Kabla ya Kutokea

Naibu chifu Mwangangi hakumsalimia. Alibaki amekaa juu ya pikipiki yake, mguu mmoja chini, akamtazama Mutindi Nyamai akishuka kwenye gari na kufunga mlango.

"Nilikwambia kwa simu hakuna cha kuona," alisema. "Nyinyi watu wa Nairobi mnapenda kutembea tu."

"Mimi ni wa Mutomo," Mutindi alijibu. "Ambulensi iko wapi?"

Mwangangi alielekeza kwa kidevu.

Ambulensi ya Zahanati ya Kavutini ilikuwa kando ya barabara ya vumbi, mwendo wa dakika kumi kutoka soko la Kanyangi. Haikuwa na magurudumu. Ilikuwa imekalia mawe manne, na boneti yake ilikuwa wazi.

Mutindi alikuwa amekaa polisi miaka kumi na miwili, akatoka akiwa sajini. Sasa alikuwa mchunguzi wa Jopo la Kumbukumbu, kikundi kidogo kilichoundwa kukusanya habari za kila zahanati, muuguzi na ambulensi iliyoguswa na mapigano ya wakulima na wachungaji wa ngamia tangu Januari. Kazi yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kujua nini kilitokea. Pili, kukipa jina. Ile ya pili ndiyo iliyokuwa inamletea maadui. Tukio likiitwa shambulio, liliingia kwenye orodha ya Jopo. Zahanati ingepewa ulinzi na gari lingine, na wahusika wangefunguliwa kesi. Likiitwa wizi, lingebaki kwenye kitabu cha kituo cha polisi, katikati ya mbuzi waliopotea na simu zilizonyakuliwa.

Nakala ya ripoti ilikuwa mfukoni mwake. Ilisema kwamba Jumatano, wiki mbili zilizopita, saa nane mchana, genge lisilojulikana lilisimamisha ambulensi na kuiba magurudumu manne na betri. Mgonjwa mmoja, mwanamume, alifariki kutokana na majeraha aliyokuwa nayo tayari. Mtoa ripoti alikuwa naibu chifu Mwangangi. Ripoti ilikuwa imeandikwa kesho yake, Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mutindi alifungua mlango wa nyuma. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umefungwa mahali pake. Sanduku la dawa lilikuwa chini ya kiti, na kufuli yake haikuwa imeguswa. Mfuko wa dripu ulining'inia mtupu. Hakuna kioo kilichovunjwa.

"Wezi wa namna gani wanaacha oksijeni na dawa?" aliuliza.

"Wezi wa tairi."

"Mgonjwa aliitwa nani?"

"Mimi sijui majina yao. Mchungaji. Mmoja wa hao wanaotumalizia mashamba na watu."

"Dekow Salat," Mutindi alisema. "Alikuwa na miaka thelathini na minne."

"Umekuja kumlilia?"

Mutindi alipiga magoti kando ya gurudumu ambalo halikuwepo. Udongo pale ulikuwa mwekundu, umekauka na kupasuka juu kama ukoko wa ugali. Chini ya kila pembe ya gari kulikuwa na shimo la kina cha vidole vinne, refu kidogo, na ndani yake mistari ya tairi ilionekana wazi, kana kwamba imechorwa. Mawe yalikuwa kando ya mashimo hayo. Alilisukuma moja kidogo. Lilikuwa limekaa juu ya ukoko. Halikuwa limezama hata kidogo.

"Huku mvua ilinyesha lini, Chifu?"

"Mvua? Unaona mvua hapa?"

"Hii ardhi ililoa."

"Mara moja tu. Ijumaa ile jioni. Watu wakakimbia kupanda, ikakatika. Hiyo nayo utaandika kwa Jopo?"

"Nitaandika."

Alijiinua, akapiga picha za mashimo yote manne, na za mawe, na za pale ambapo nati za magurudumu hukaa. Tumbo la gari lilikuwa limerukiwa na matope. Mahali pa nati palikuwa safi.

Wanaume sita walikuwa wamekusanyika ng'ambo ya barabara, wengine na panga za kulimia. Hakuna aliyesema jambo mpaka Mutindi alipokuwa anarudi kwenye gari.

"Andika wizi, mama, uende nyumbani," mmoja wao alisema.

Mwingine alipiga kofi moja zito kwenye paa la gari lake. Mwangangi aliona, akawasha pikipiki na kuondoka.

*

Katika mji wa Salama kuna mahali pengi pa kuuzia tairi kuukuu, lakini mwenye kununua kutoka upande wa Kitui bila kuuliza maswali mengi, Mutindi aliambiwa na dereva wa lori, ni Waringa. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi. Wazazi wake walihamia hapo kutoka Murang'a zamani, na duka lake lilikuwa nyuma ya hoteli moja ya madereva, tairi zimepangwa hadi kwenye mabati.

Mutindi alipita akisoma ubavu wa tairi moja moja. Alipofika safu ya tatu, alisimama. Herufi tatu zilikuwa zimechomwa kwa chuma cha moto: KVT.

"Ukinunua, nunua," Waringa alisema. "Usinisomee tairi."

"Hizi nne zilitoka wapi?"

"Kwa watu."

"Ni za ambulensi ya Kavutini."

Waringa aliweka chini kikombe cha chai. "Sasa sikiliza, madam. Mimi nilishawahi kulala ndani siku kumi na moja kwa ajili ya betri ya mtu. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha Ukambani bila barua ya chifu. Barua ninayo. Kwa hivyo kama umekuja kunitisha, barabara ni hiyo."

"Naomba kuiona."

"Uione kama nani?"

Mutindi alimwonyesha kitambulisho cha Jopo. Waringa alikisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwa ncha za vidole. Kisha akaingia ndani na kutoka na faili ya plastiki. Alishika barua mwenyewe, hakuiachilia.

Ilikuwa na mhuri wa ofisi ya naibu chifu. Iliwaruhusu wenye barua kuuza magurudumu manne "yaliyookotwa katika kata ndogo yangu." Sahihi ilikuwa ya Mwangangi. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu.

"Walileta siku gani?"

"Hiyo hiyo Jumatatu. Saa kumi. Bado zilikuwa na matope, nikawaambia waoshe kwanza."

"Matope mengi?"

"Nimesema matope. Unataka nipime?"

Mutindi alipiga picha ya barua. Waringa aliirudisha kwenye faili na kusimama kati ya Mutindi na tairi.

"Jina langu likitajwa kwa redio, nitakutafuta," alisema.

Ndani ya gari, Mutindi aliandika siku nne kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Jumatano ambulensi ilisimamishwa. Alhamisi asubuhi Mwangangi aliripoti kwamba magurudumu yameibiwa. Ijumaa mvua ilinyesha, na magurudumu yalikuwa bado yanalibeba gari, kwa sababu yalizama kwenye matope na kuacha alama zake. Jumatatu yakauzwa kwa barua ya Mwangangi mwenyewe.

Wizi ulikuwa umeripotiwa kabla ya kutokea. Kwa hivyo Mwangangi hakuripoti wizi alioona. Alikuwa anatafuta neno la kufunika kitu kingine, na baada ya kulipata, ilibidi magurudumu yaende.

*

Muuguzi Muthoki alikuwa kwa shangazi yake, Mukuyuni, nyuma ya soko. Mutindi alimkuta uani, ungo mapajani, akipepeta mbaazi. Muthoki alipoona kitambulisho aliendelea kupepeta.

"Umechelewa. Watu watatu wameshaniuliza."

"Waliuliza nini?"

"Wa kwanza aliuliza, mlivamiwa? Nikasema hapana, hakuna aliyetuvamia. Akaandika kwamba hakuna shambulio. Wa pili akauliza, mlipigwa? Nikasema hapana. Akafunga kitabu. Wa tatu akauliza, waliiba nini? Nikamwambia sijui, mimi niliacha gari na kila kitu. Huyo aliondoka kama amefurahi." Alirusha mbaazi juu, makapi yakaruka upande wa Mutindi. "Wewe una neno gani?"

Mutindi aliweka kalamu chini ya kiti.

"Sina. Niambie gari lilisimama saa ngapi, na nani alisema nini."

Mikono ya Muthoki ilitulia juu ya ungo.

"Saa nane na dakika tano," alisema. "Nilitazama saa kwa sababu ya dripu."

Alisema kwamba walikuwa wamebeba wagonjwa wawili. Dekow alikuwa na jeraha la mshale tumboni, ameletwa na wenzake usiku wa kuamkia siku hiyo, nao wakakimbia. Wa pili alikuwa Wavinya, mama wa hapo hapo Kavutini, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amelala vibaya. Wote wawili walihitaji upasuaji, na Kavutini haina chumba cha upasuaji. Walipofika karibu na Kanyangi walikuta gogo limelazwa barabarani, na wanaume kama ishirini.

"Walikuwa na silaha?"

"Panga. Wengine nyuta. Lakini hawakuziinua. Waliuliza tu, nani yuko ndani? Dereva akasema, wagonjwa. Wakasema, wagonjwa wa nani? Kisha Mwangangi akafika. Mimi nikashukuru Mungu, nikajua sasa tumepita. Aliingiza mkono dirishani akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Akasema, wetu ateremke, huyu mwingine haendi popote."

"Hayo ndiyo maneno yake?"

"Hayo hayo. Wavinya wakampakia pikipiki. Mimi nikabaki. Dereva akaambiwa aende kwao kwa miguu na asahau. Niliomba ufunguo mpaka sauti ikakauka. Wao walikaa kivulini, wengine wakinywa soda. Dripu iliisha saa kumi kasoro. Dekow aliniomba maji, na mtu wa tumbo hapewi maji, kwa hivyo nikalowesha kitambaa nikampangusa midomo. Alikufa saa kumi na dakika arobaini." Alimtazama Mutindi kwa mara ya kwanza. "Hakuna aliyemgusa. Hilo wanalosema ni kweli. Niliporudi nilifunga zahanati, alfajiri nikaondoka. Sasa niambie. Hiyo inaitwaje? Wewe ndiye mwenye kitabu."

Mutindi alitoa mwongozo wa Jopo kwenye mkoba, akafungua ukurasa wa nne na kusoma polepole.

"'Shambulio dhidi ya huduma ya afya ni kitendo chochote cha nguvu, cha vitisho au cha kuzuia, kinachomtenga mgonjwa na matibabu, wakati wa mapigano na kwa sababu ya mapigano hayo.'"

"Cha kuzuia."

"Ndiyo. Si lazima mtu apigwe."

"Ningewasomea hiyo pale kwenye gogo, wangetuachilia?"

"Hapana."

"Basi usinisomee kama dawa." Muthoki alichukua ungo tena. "Utaandika jina langu?"

"Naweza kuandika 'muuguzi' peke yake."

"Kavutini kulikuwa na muuguzi mmoja. Watajua tu. Andika Muthoki, na uandike vizuri."

*

Asubuhi iliyofuata Mutindi aliingia ofisi ya Mwangangi bila kubisha. Aliweka mezani vitu vitatu: nakala ya ripoti, picha ya mashimo ya magurudumu na picha ya barua yenye mhuri. Mwangangi alizitazama kwa muda. Hakuzigusa.

"Uliripoti wizi Alhamisi," Mutindi alisema. "Ijumaa tairi zilikuwa bado chini ya gari. Jumatatu ukaruhusu ziuzwe. Nani aliiba, Chifu?"

"Unajua huku tumezika watu wangapi tangu Januari?"

"Kumi na tisa. Na wachungaji kumi na mmoja. Wote nimewaandika."

"Kwa hivyo unahesabu pamoja."

"Nahesabu."

Mwangangi aliegemea kiti. Sauti yake ilishuka, na ikawa ya kutisha zaidi. "Haya. Wizi haukuwa Jumatano. Umeshinda. Sasa utaandika nini? Hakuna aliyepiga. Hakuna aliyekata. Mtu alikuja na shimo tumboni, akafa na shimo lile lile. Hicho kilikuwa kizuizi cha usalama. Kila siku polisi wanaweka kizuizi barabarani. Nao wanashambulia?"

"Polisi hawaulizi mgonjwa ni wa nani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako kwa saa mbili na nusu."

"Na hicho kitabu chako kinasema wakati wa vita. Hapa hakuna vita. Vita ni vya nchi na nchi. Hapa ni ugomvi wa malisho."

"Kinasema mapigano. Pande mbili zilizojipanga, silaha, vifo, na zaidi ya mwezi mmoja. Watu wako walikuwa na zamu za kulinda lile gogo. Orodha ya zamu iko pale ukutani, nyuma yako."

Mwangangi hakugeuka. Kidole chake kiligonga meza mara mbili. Kisha akachukua simu.

"Mutie," alisema, "lete bibi yako ofisini. Sasa hivi." Akakata. "Unasema tulitenga watu na matibabu. Utasikia kutoka kwa mwenyewe. Yule wetu hatukumzuia hata dakika kumi. Tulimtafutia pikipiki, na mafuta nikatoa mimi. Hiyo nayo uandike."

Walisubiri karibu nusu saa. Mutie Mwau aliingia kwanza, kijana mrefu, kofia mkononi. Wavinya alimfuata, leso mbili zimefungwa kiunoni, na alikaa bila kuambiwa kwa sababu kusimama kulikuwa kunamuumiza. Mutie alibaki mlangoni.

"Mwambie huyu mama tulikufanyia nini siku ile," Mwangangi alisema.

"Mlinishusha," Wavinya alisema.

"Tulikusaidia."

"Mlinishusha kwa gari mkaniweka kwa pikipiki." Hakuwa anamtazama yeyote. "Muthoki alikuwa amesema nilale ubavu, nisisimame hata kidogo, mpaka hospitali. Nikakalishwa katikati ya watu wawili kama gunia. Barabara ile ni mawe. Nilisema polepole, wakasema tukichelewa itakuwa mbaya. Tulipofika mtoni, pale mchanga, nikasema nishusheni. Mtoto alitanguliza miguu. Hakukuwa na mtu wa kujua afanye nini."

"Pole," Mutindi alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyeuliza. Walikuja wengi kuuliza habari za tairi."

Mwangangi alijikohoza. "Hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Tuliomba kanisani. Hayaingii kwa mambo haya."

Mutindi alikuwa ameshafungua fomu. Wavinya aliinama mbele kidogo na kuweka kidole kwenye kisanduku cha chini.

"Hapa umeandika ngapi waliokufa?"

"Mmoja."

"Andika wawili."

"Ngoja," Mwangangi alisema. Alikuwa amesimama. "Mtoto aliyezaliwa mfu hahesabiwi. Hata serikali haimhesabu kama marehemu. Wewe unapenda maana ya maneno, hiyo ndiyo maana yake."

Mutindi hakumtazama. "Wavinya, mtoto alilia?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Alilia mara moja," Wavinya alisema. "Ilikuwa sauti kubwa. Nilifikiri amepona. Alikuwa msichana."

Mutindi alikata moja, akaandika mbili, akatia sahihi kando ya masahihisho. Kwenye mstari wa aina ya tukio aliandika "shambulio," na chini yake, "kwa kuzuia." Kwenye mstari wa mhusika aliandika jina lote la Mwangangi na cheo chake. Kisha akaigeuza fomu ili Wavinya aisome. Wavinya alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na midomo yake ilikuwa inatembea.

"Hiyo karatasi haitoki kwa kata yangu," Mwangangi alisema. "Mutie, funga mlango."

Mutie aliufunga. Lakini alikuja mezani, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe na kuitazama fomu kwa muda mrefu.

"Hapa kuna nafasi ya waliolaza gogo?" aliuliza.

"Mutie, toka nje," Mwangangi alisema.

"Ipo," Mutindi alijibu, akageuza ukurasa.

"Gogo nililikata mimi, kwa shamba letu. Nikalilaza mimi na wengine wanne." Alikuwa ameikunja kofia mpaka ikawa kama kamba. "Gari lilipofika sikujua yeye yuko ndani. Walipomshusha nilimwona, na bado sikuliondoa. Mutie Mwau. Andika. Halafu nitakutajia wale wengine."